Maziwa ya Mlima Kenya kwa wikendi moja: mnaweza, ila si kwa ratiba hiyo

Ndugu, umeuliza kama nyinyi watatu mnaweza kutoka Nairobi Ijumaa baada ya kazi, mlale Lango la Chogoria upande wa mashariki wa mlima, Jumamosi mlale kando ya Ziwa Michaelson, Jumapili mvuke upenyo wa Simba Col mteremkie Lango la Sirimon upande wa pili, na Jumatatu asubuhi muwe ofisini. Umejibiwa mambo mawili: "vijana kama nyinyi mtashindwaje?" na "mlima si wa wikendi". Jibu langu halifuati upande wowote. Maziwa mtayaona. Simba Col iacheni hadi mpate siku mbili za likizo.

Kwanza hesabu. Lango la Chogoria liko karibu mita 2,950 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Ellis karibu 3,450. Michaelson karibu 3,950. Hall Tarns, vile vijiziwa vilivyo kwenye mwamba juu ya bonde, karibu 4,300. Simba Col, yaani upenyo unaotenganisha bonde la Gorges na bonde la Mackinder, ni kama 4,620. Sasa kanuni inayotumiwa na wapanda milima kote duniani: ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pako pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Mahali pa kulala, si mahali pa kutembea. Mchana unaweza kupanda juu zaidi ya hapo ukashuka, na kwa kweli inasaidia. Kinachoumiza ni kulala juu, kwa sababu usingizini pumzi hupungua na oksijeni ya damu hushuka chini kuliko ulipokuwa macho.

Ratiba yenu inatoka 2,950 hadi 3,950 usiku kwa usiku, tena kwa watu ambao siku iliyotangulia walikuwa mezani Nairobi kwenye mita 1,700. Ukifika 4,000, kila pumzi inakupa takriban asilimia 60 ya oksijeni ambayo ungeipata Mombasa. Mwili hujirekebisha, lakini kwa siku, si kwa saa, na mazoezi ya jimu hayaufanyi ufanye haraka. Mkimbiaji hodari na mtu wa kitambi wanaweza kuugua kwa usawa. Tena mkimbiaji anaweza kujiponza zaidi, kwa kuwa miguu yake inamfikisha juu kabla mapafu hayajaulizwa.

Halafu tazama Jumapili yenu. Kutoka Michaelson mnapanda karibu mita 670 hadi Simba Col, mnateremka kambi ya Shipton's, kisha kilomita 14 hadi kambi ya Old Moses na nyingine 9 hadi Lango la Sirimon. Jumla inapita kilomita 25, kichwa kikigonga, na begi mgongoni. Baada ya hapo mtu mmoja wenu ashike usukani hadi Nairobi usiku. Mimi mlima siuogopi, naogopa hiyo barabara.

Ingekuwa mimi ndiye mwenye wikendi hiyo, ningefanya hivi.

Ijumaa ombeni ruhusa, mtoke saa sita mchana, mpitie Embu. Msipange kufika Chogoria mjini jua likizama. Barabara ya kutoka mjini hadi langoni inapanda kilomita nyingi ndani ya msitu na mianzi, na ikinyesha inakuwa utelezi ambao gari dogo haliuwezi. Kuna Land Rover za kukodi mjini, wenye nazo wanaijua kila kona. Usiku msitu huo ni wa nyati na ndovu, na lango hufungwa jioni. Lipieni kwenye eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, mkiwa bado na mtandao, kwa sababu langoni hawapokei pesa mkononi. Na zile chupa za maji za kutupa acheni chini: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga na hifadhi, na askari wa langoni hukagua. Lala hapo, kwenye banda au hemani, kula vizuri, kunywa maji, lala mapema.

Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Saa kumi na moja alfajiri gari liwapeleke hadi mwisho wa barabara, karibu mita 3,300, muanze kutembea na tochi za kichwani. Najua inaonekana ni ukatili kuamka hivyo ukiwa mapumzikoni. Sababu ni mawingu. Upande huu wa mashariki ndio unaopokea unyevu kutoka bahari ya Hindi, na kwa kawaida kuanzia saa nne au saa tano asubuhi ukungu unapanda kutoka msituni na kujaza bonde. Nimekutana na watu waliotembea siku nzima hadi ukingoni, wakasimama juu ya Michaelson, wakapiga picha ya ukungu mweupe wakarudi. Waliondoka langoni saa tatu, baada ya kifungua kinywa cha kistaarabu.

Njia inafuata mgongo wa mlima. Mwanzoni ni vichaka virefu vilivyojaa ndevu za kuvu, halafu vichaka vinafupika, vinabaki mafungu ya nyasi ngumu, na kati yake mnaanza kuona lobelia. Kuna moja fupi iliyokaa kama kabichi kubwa, katikati ina kikombe cha maji. Alfajiri gusa maji hayo: juu yana utando wa barafu, na mmea wenyewe umekunja majani kulinda kitovu chake. Jua likitoka unafunguka. Baadaye inakuja miti ya senesio, yenye shina nene lililovikwa majani yake makavu kama blanketi. Msiyang'oe hayo majani makavu kuwashia moto. Ndiyo yanayozuia shina lisigande usiku.

Nendeni polepole kuliko mnavyotaka. Kipimo changu ni kimoja tu: ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuvuta pumzi katikati, unakwenda mbio. Anayetangulia awe yule wa polepole kuliko wote, na wengine wasimpite. Hili huwaudhi vijana, lakini ndilo linalowafikisha.

Baada ya mwendo wa saa tatu au nne ardhi inakatika. Mnasimama kwenye ukingo wa bonde la Gorges, na chini kabisa mnaliona Michaelson, limezungukwa na senesio, na juu yake ukuta mweusi wa mwamba wanaouita Temple, karibu mita 300 kwenda juu wima. Bonde lina umbo la herufi U, na hapo ndipo unapoelewa maziwa haya yametoka wapi. Mlima Kenya ni volkeno iliyokufa zamani sana. Katika enzi za barafu mito ya barafu ilishuka kutoka kileleni, ikachimba sakafu ya bonde na kusukuma vifusi mbele yake. Ilipoyeyuka ikaacha mashimo, mashimo yakajaa maji. Hall Tarns nayo ni kazi hiyohiyo, ila imebaki rafuni juu. Ile barafu iliyosalia juu leo, kama mto wa barafu wa Lewis, ni mabaki yanayopungua mwaka hadi mwaka, kwa hiyo anayetaka kuiona asisubiri kustaafu. Maji ya Michaelson ndiyo Mto Nithi: yanatoka ziwani, yanaanguka kwenye maporomoko ya Vivienne, yanaendelea hadi Tana.

Hapo ukingoni mna hiari. Mkiwa na nguvu na anga ni safi, endeleeni juu kuelekea Hall Tarns. Mkiona ukungu unapanda, kaeni mle, mtazame, mgeuke. Lakini wekeni saa ya kugeuka kabla hamjaanza, na msiibadilishe mkiwa juu: saa sita mchana, popote mlipo. Mtu aliye kwenye mita 4,200 ana maamuzi mabovu na hajui kuwa ni mabovu. Na msishuke ziwani siku hiyo hata kama linawaita. Mteremko wenyewe ni mkali, na kila hatua ya kushuka mtailipa kupanda tena mchana mvua ikinyesha.

Rudini mlale Ellis. Mmepanda juu mchana, mnalala mita 3,450, kanuni imetimia. Ellis si ziwa la kutisha kama Michaelson. Liko wazi kwenye nyasi, kina chake si kirefu, na gari zuri hufika karibu, kwa hiyo wikendi unaweza kukuta watu wana muziki. Nenda upande wa mbali. Usiku kukiwa na mwezi utanishukuru.

Jumapili pumzikeni. Kwa anayesikia miguu bado ipo, Mugi Hill iko jirani na inapandika asubuhi. Kwa aliyechoka, kuna maporomoko ya Nithi karibu na mwisho wa barabara. Mchana muwe langoni, jioni muwe njiani mkiwa macho.

Sasa kuhusu Simba Col. Ikiwa hamu ni hiyo, chukueni likizo ya Jumatatu na Jumanne: Ijumaa langoni, Jumamosi Ellis, Jumapili kando ya Michaelson, Jumatatu mvuke Simba Col mkalale Shipton's, Jumanne Sirimon na nyumbani. Piga hesabu ya kulala: 2,950, kisha 3,450, kisha 3,950, kisha karibu 4,200. Ngazi zimekaa sawa zenyewe, ndiyo maana mimi huipenda njia hii kuliko ile ya Naro Moru, ambako watu hulala kambi ya Met Station mita 3,050 na usiku unaofuata wako kambi ya Mackinder's 4,200 wakitapika. Juu ya Simba Col mnakutana ana kwa ana na vilele vya Batian, mita 5,199, na Nelion, 5,188, kutoka upande ambao walio njia nyingine hawauoni hivyo. Hata kilele cha Lenana hakina picha hiyo. Najua kuna watakaobisha, karibuni.

Tatizo ni kwamba kalenda ya sikukuu zetu na kalenda ya mlima hazisikilizani. Pasaka inatupa siku nne safi, na mara nyingi inaangukia mvua za masika. Mashujaa ni tarehe 20 Oktoba, vuli inaanza. Jamhuri 12 Desemba, vuli haijaisha vizuri. Miezi ya kuaminika ni Januari na Februari, halafu Julai hadi Septemba, ambako sikukuu ndefu ni adimu. Kwa hiyo likizo lazima muombe. Mkienda Pasaka kwa sababu tu ofisi imefungwa, jiandaeni kutembea kwenye supu.

Ugonjwa wa mwinuko nitauzungumzia kidogo zaidi, maana unaua, kama baridi nayo inavyoweza kuua, ila huu hujificha. Dalili ya kwanza ni kichwa kuuma. Kichwa peke yake si msiba: simama hapohapo, kunywa maji, usipande tena hadi kiishe. Kichwa pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usioeleweka, huo ni ugonjwa tayari, usilale juu zaidi. Shida ni kwamba watu huficha. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, mcheshi, na tulichogundua kwanza ni kwamba mizaha imekwisha na sahani yake haijaguswa. Alipoulizwa akasema yuko sawa. Tukamwambia atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole, hatua kumi hivi. Alipepesuka kama mlevi. Tulishuka naye usiku huohuo, wawili wakimshika, na alipofika chini mita mia kadhaa alianza kuomba chai. Tangu hapo kila jioni kabla ya kula tunamuuliza kila mtu kwa jina lake, mbele ya wote, kichwa kikoje, na kila mtu anatembea mstari. Hakuna anayeona aibu kwa sababu wote wanafanya.

Mtu akipepesuka, au akichanganyikiwa, au akihema akiwa amekaa tu, au akikohoa povu, hakuna kusubiri asubuhi. Anashushwa. Dawa haichukui nafasi ya kushuka. Kuhusu vidonge vya Diamox: inasaidia mwili kuzoea, kipimo cha kinga kinachoandikwa sana ni miligramu 125 asubuhi na jioni, itakufanya ukojoe na vidole vikuwashe. Muone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa hukudhuru. Na isiwe kisingizio cha kurudi kwenye ratiba yako ya kwanza.

Umeuliza pia kama mwongozaji ni lazima. KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia hifadhi hii, halimruhusu mtu kuingia peke yake, lakini nyinyi ni watatu. Hata hivyo nawashauri mchukue mmoja wa Chogoria, na wapagazi wawili mkiweza. Ukungu ukishuka kwenye ule mgongo, njia za watu na njia za wanyama zinafanana, na simu yenye ramani huzimika kwa baridi mapema kuliko unavyodhani. Iweke mfukoni karibu na mwili. Mtandao wa simu unaupata hapa na pale ukingoni, bondeni sahau.

Vifaa sitaorodhesha, mitandao imejaa orodha. Nitataja vinavyosahaulika. Buti za mitumba za masoko ya Gikomba na Toi ni nzuri na mimi navaa hizohizo, ila soli ya povu iliyokaa stoo miaka mingi huoza ndani kimyakimya, na hubanduka siku ya kwanza ya tope. Ikunje kwa nguvu, iminye kwa kidole gumba, ukiona nyufa au unga, iache. Hata ikiwa nzima beba kamba na utepe wa gundi. Jinzi na vesti za pamba zibaki garini, zikilowa hazikauki. Jioni kabla ya kulala badilisha soksi, zile za kulalia zisiguse tope hata siku moja.

Gesi: butani tupu huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri, na alfajiri Ellis hufika hapo. Nunua mtungi wa mchanganyiko wenye propani, au lala na mtungi ndani ya mfuko wa kulalia. Kwenye mita 4,000 maji huchemka karibu nyuzi 87, hivyo maharagwe na githeri mbichi ni kupoteza gesi. Pika nyumbani, beba chapati, viazi vitamu vilivyochemshwa, tambi, unga wa uji. Uji wa asubuhi huko juu hauna mpinzani. Maji ya kunywa chukueni kijito kilicho juu ya kambi, yachemke kabisa dakika tatu au muweke dawa. Choo kichimbwe kina cha kiganja, hatua 70 hivi kutoka ziwani, na karatasi mrudi nazo. Moto wa kuni hapana. Machi 2012 moto uliteketeza eneo kubwa sana la nyasi na vichaka vya mlima huu, na nyasi zile zikikauka hazihitaji zaidi ya cheche.

Yule mdau aliyependekeza muende milima ya Rwenzori, Uganda, badala yake kwa sababu "maziwa yake ni mazuri zaidi" yuko sahihi kuhusu uzuri. Maziwa ya Bujuku na Kitandara hayana mfano, na upenyo wa Scott Elliot Pass, mita 4,372, uko katikati yake. Ila ule mzunguko ni wa wiki nzima kwenye matope ya magoti. Si jibu la swali lako.

Jambo la mwisho, kwa wale watakaochagua mpango wa siku tano: gari mtakaloliacha Chogoria haliwezi kuwasubiri Sirimon, na kutoka Lango la Sirimon hadi lami ya barabara ya Nanyuki na Meru ni karibu kilomita 10. Panga mapema na dereva wa Nanyuki awafuate langoni, mpe saa ya mchana na siyo jioni, na namba yake apewe pia mwongozaji, kwa kuwa simu zenu zitakuwa zimekwisha chaji.